Midaisi ya Refugio

Refugio alipanda midaisi mikubwa, mimea ya maua meupe, kando ya ukuta ili asiuone uso wa jirani yake Hortensia, mwanamke aliyemwibia mume. Ikarefuka hadi ikaupita ukuta, lakini ilipochanua, maua yote yalifuata jua, yakainamia kwa Hortensia. Refugio, aliyeimwagilia, aliambulia mashina.

Mume akafa, maiti ikarudishwa kwa mke wa ndoa. Hortensia akaingia msibani na mzigo wa maua meupe, akalifunika jeneza lote.

"Huyu ndiye aliyempenda!" wakanong'ona waombolezaji, uji wa atole ukiwapoa vikombeni.

"Maua yangu hayo, mwizi we!" Refugio akafoka.

"Mimi sikuyaita, dada," Hortensia akajibu, akilitazama jeneza. "Yalikuja yenyewe. Kama huyu."