Mwanasesere wa Sita

Kila asubuhi nilizoa majivu mekoni, nikawatupia miungu ya nyumba chembe za ngano na chumvi, ndipo nikamwamsha bibi, mke wa bwana. Asubuhi ile ya sikukuu ya njia panda, bibi aliniwahi. Aliingia peku, nywele timtim, akitokea barabarani.

Kwenye kijumba cha mizimu pale njia panda, alisema, wananing'inia wanasesere sita wa nyumba yetu. Kila mtu huru hutundikiwa mwanasesere, kila mtumwa donge la sufu, ili mizimu ichukue hivyo ituachie roho zetu. Watu huru humu ni watano. Mizimu ikimkuta wa sita hana mwenyewe, itaingia kumtafuta.

Bwana Tampius alitaka kwenda kumwangua. Mama yake akamzuia: ukishaipa mizimu, hunyang'anyi.

Basi wakaketi kumtafutia mwenyewe. Bwana alimtaja marehemu baba yake. Mama akasema yule hata alipokuwa hai hakustahili donge. Bibi aliwaza huenda ana mimba, akajishika tumbo, akalia kidogo. Mwishowe bwana akapendekeza mbwa.

"Mbwa ni wa familia," alisema kwa uchungu. "Kazaliwa humu humu."

Mimi, Nysa, nilikuwa nikiwamiminia divai. Miaka saba sasa, kila sikukuu hii, bwana husimama mbele ya majirani, kikombe mkononi, akatangaza kwamba mwakani Nysa ataachwa huru, maana ni kama binti yetu. Majirani hupiga makofi. Kesho yake nazoa majivu.

Wanasesere walihesabiwa mara nne. Madonge hakuna aliyeyahesabu. Watumwa tuko wanne, yalikuwa matatu.

Wakakubaliana ni wa mbwa. Majirani walikuwa wameshafika uani na maandazi yao ya asali, na bwana akasimama kuwatangazia. Hapo mama yake akauliza, hivi hawa wanasesere alishona nani?

Wote wakanigeukia, nadhani kwa mara ya kwanza siku ile. Nikautua mtungi.

"Mimi, mama mkubwa. Na yule si wa mbwa, bwana. Yule ni mimi. Ile 'mwakani' yako ndiyo leo."