Kitatange Chotara wa Nurudini

Siku ya tisa kitatange hajala, na Nurudini naye chai haikumshuka. Alisimama mbele ya tangi la kioo sebuleni kwake, mjini Kasulu, kashika dagaa wa Kigoma, wale safi wasio na mchanga, anambembeleza samaki wake wa baharini utadhani bibi harusi aliyesusa. "Kula basi, baba. Kidogo tu."

Samaki akapokea, akatafuna, akatema. Mtu mzima akajisikia katemewa yeye.

Na huyu si samaki wa kusema akifa tutaleta mwingine. Alikuwa chotara: baba kitatange wa aina moja, mama wa aina nyingine, mwili buluu, uso njano, na mistari inayoanza vizuri halafu inakatika katikati. Saidi, binamu yake mzamiaji wa Tanga, alipiga mbizi miaka kumi na moja ndipo akamtia mmoja wavuni. Nurudini alipoiona picha tu alisema, huyo ni wangu. Yeye mwenyewe baba yake ni wa Tanga, mama yake Muha wa Rungwe Mpya, huku huku Kasulu. Kasulu walimwita mtu wa pwani, Tanga wakamwita wa bara. Alimpenda samaki yule kabla hata hajafika.

"Nikupe ukamuue?" Saidi alimcheka kwenye simu. Mwishowe alimtuma, ila alikuwa na haki ya kucheka. Samaki wa kwanza, Nurudini alimtengenezea bahari kwa chumvi ya kupikia maharage. Masikini, hata jioni hakufika. Wa pili alikufa umeme ulipokatika. Ndipo mkewe Firdausi, fundi wa kushona, alipotoa lake: "Huyu wa tatu akifa, tangi linatoka, cherehani yangu inakaa hapo kwenye mwanga. Tumeelewana?" Walielewana.

Asubuhi hiyo jirani yao Manirambona, aliyekuwa ametoka shambani Kagerankanda, alipita kusalimia, akachungulia kiooni. "Mana yanje, Mungu wangu! Anakataa dagaa? Basi huyo si samaki." Kwa mtu wa Kigoma hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Nurudini akaenda dukani kuuza vitenge vyake, amenyong'onyea kabisa.

Adhuhuri simu ikaita. "Njoo nyumbani," Firdausi alisema, akakata.

Basi amekufa, Nurudini aliwaza. Alifunga duka, akapita sokoni bila kuitikia salamu za watu, akijisemea kwamba Saidi atamcheka mpaka Idi.

Alimkuta Firdausi kaketi sakafuni mbele ya tangi, kinu pembeni.

"Siku tisa nakaa hapa natia vifungo, namtazama," alisema. "Wewe unammwagia chakula kama kuku. Huyu haokoti, anakwangua! Kutwa anakwangua mawe matupu." Alikuwa amewatwanga dagaa wale wale pamoja na mchicha, akaupaka ule mchanganyiko kwenye jiwe, akalianika juani mpaka ukashika, kisha akalishusha majini.

Na kitatange yuko juu ya jiwe. Anakwangua, anameza, anarudi tena. Hatemi.

"Alhamdulillahi! Anakula dagaa wa Kigoma!" Nurudini alipiga kelele mpaka Manirambona akaja mbio, mikono imejaa unga. Akampigia Saidi kwa video, simu akaibandika kiooni.

Saidi alitazama, hacheki. "Mimi hapa baharini vitatange hunifia kwa kususa," alisema mwishowe. "Hilo jiwe mmelipaka nini?"

"Muulize fundi!" Nurudini alisema, kifua mbele, raha imemjaa mpaka machozi yanamtoka.

Simu ilipokatika ndipo akakumbuka. Akamgeukia mkewe. "Firdausi. Ungenyamaza siku mbili tu, mahali hapa pangekuwa pako."

"Ningenyamaza vipi, na wewe hunywi chai?" Akasimama, akajipangusa kanga. "Ila cherehani yangu inahamia dukani kwako, pale pale mlangoni penye mwanga. Kaunta utaisogeza wewe."

Aliisogeza alasiri ile ile, huku akiimba.