Mkanda wa Jezi ya Toivo

Murray Prudhomme alikuwa na jezi nyingi za hoki ya barafu kuliko marafiki, na hilo halikumnyima usingizi hata siku moja. Chumba cha chini cha nyumba yake pale Carrow Lake kilijaa jezi za wachezaji wa zamani, zimetundikwa nyuma ya vioo, kila moja imevaliwa mchezoni kweli. Mpya hakuzitaka. Alitaka jasho lililokauka, michubuko ya magongo, alama nyeusi za kile kisahani cha mpira, na damu. Damu hasa. Mkewe alipofungasha na kuondoka alisema amechoka kulala juu ya majasho ya wanaume asiowajua, na Murray, mkavu wa macho kama alivyo, akaona hapo amepata nafasi ya kabati jingine.

Jezi moja tu ilimtoa udenda miaka yote, nayo ilikuwa ya Toivo Rautio. Toivo alikuwa mpiganaji wa Misumeno, timu ya kiwanda cha mbao, maana katika hoki kila timu ina mtu wake wa kurusha ngumi. Siku moja mpinzani alimvuta jezi kwa nyuma ikamfunika kichwa, mikono ikanaswa humo ndani, akapigwa kama gunia mpaka waamuzi walipofika. Hakufa. Alibaki na mwili wa dubu na akili ya mtoto mdogo, akilelewa na dada yake Aili.

Mpiganaji wa hoki huwa na mkanda ulioshonwa ndani ya jezi, mgongoni, unaofungwa kwenye suruali ili jezi isivutike. Jezi ya Toivo ilivuliwa siku ile haina mkanda, na mkanda wenyewe haukuonekana popote. Mji mzima ukasema aliung'oa mwenyewe kwa majivuno, apate kuivua jezi haraka na kupigana kifua wazi mbele ya wasichana. Kayataka mwenyewe, walisema, wakaenda zao kunywa bia. Aliyekataa maneno hayo ni Aili peke yake. Wakusanyaji jezi walimfuata kutoka miji ya mbali, akawafungia wote mlango.

Kwa hiyo Aili mwenyewe alipompigia simu, Murray nusura aiangushe.

"Wanasema wewe jezi unaisoma kama gazeti," Aili alimwambia, akimmiminia kahawa jikoni kwake.

"Gazeti linadanganya, bibie. Jezi haidanganyi."

"Haya, nisomee hii. Ukiona kaka yangu alifanyiwa hila, naitundika mlangoni pale kiwanja cha barafu, kila anayeingia aione na uso umshuke. Ukiona aliung'oa mwenyewe, ichukue uende nayo. Nimechoka kubishana na mji, Murray. Nataka kujua tu."

Toivo alikuwa amekaa pembeni ya meza, jezi mapajani, mkono mmoja umeng'ang'ania shati hilo kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe.

"Nilifunga," akasema.

Ndilo neno alilobakiwa nalo. Alilisema asubuhi, alilisema jioni, alilisema akiogeshwa.

"Najua, Toivo. Najua ulifunga," Aili akamjibu. Akachovya kipande cha mkate mtamu wa iliki kwenye kahawa, akamtia mdomoni, akamfuta kidevu kwa kidole. Ilionekana wazi kwamba amelitoa jibu hilo mara nyingi na halijamchosha bado.

Murray aliinama. Toivo hakuachia mkono, basi Murray akaipindua sehemu ya mgongo tu na kuivutia dirishani kwenye mwanga. Pale mkanda ulipokuwa palikuwa na mraba wa matundu ya sindano. Upande wa juu nyuzi zilikuwa zimekatwa kwa wembe, ncha zake sawasawa. Upande wa chini zilikuwa zimekatika kwa kuvutwa, na kitambaa chenyewe kimetanuka na kuchanika. Anayeung'oa mkanda wake mwenyewe huukata pande zote, akautupa. Huu ulikatwa nusu, kwa siri, ili ushikilie mtu akiufunga na uachie akivutwa mara ya kwanza. Toivo aliufunga. Na kwa kuwa mgeni haingii chumba cha kubadilishia nguo, wembe ule ulishikwa na mwenzake wa timu hiyohiyo.

Hakuna mkusanyaji duniani mwenye kitu kama hiki, Murray aliwaza. Na kitaning'inia mlangoni pa kiwanja cha barafu, watoto wakipangusia makamasi?

Akajikohoza, akaweka uso wa msibani. Uso huo aliujua vizuri, aliutumia kwa wajane.

"Pole, Aili. Mkanda umekatwa pande zote nne. Kazi safi, ya mtu asiye na haraka. Aliutoa mwenyewe."

"Nilifunga," akasema Toivo.

Aili hakumjibu. Alimgeukia Murray.

"Hakuna kosa hapo? Macho yako hayajakudanganya?"

"Ningependa yawe yamenidanganya. Na jezi yenyewe sasa ni tambara tu, nisikufiche. Nitaichukua kwa ajili ya kumbukumbu ya Misumeno, basi."

"Leo hataiachia, atalia. Njoo Jumamosi, nikishampeleka sauna kuoga mvuke. Akiwa uchi haishiki."

Murray alifika mlangoni, akasita. Sheria ya kwanza ya wakusanyaji, hata mlevi wao anaijua: jezi haifuliwi, haishonwi, haiguswi. Maneno yalimfika ulimini. Lakini atambembelezaje mtu asifue kitu alichotoka kukiita tambara? Akayameza, akaaga.

Siku zilizofuata alikuwa kama bwana harusi. Alitoa kwenye kabati la katikati kila kilichokuwamo, akafunga taa ndogo ya kumulika upande wa ndani, pale penye mraba. Alikwisha kupanga atakavyowasimulia wenzake habari ya wembe, taratibu, mpaka wivu uwatoe jasho.

Jumamosi alikuta jezi mezani kwa Aili imekunjwa vizuri, juu yake pameenea harufu ya sabuni. Toivo alikuwa kitini, nywele mbichi, mikono mitupu inapapasa mapaja.

"Nimeifua mara mbili," Aili alisema. "Ile damu ilikuwa ngumu, nikailoweka na magadi."

Murray aliifunua. Palipokuwa na damu palikuwa peupe tupu. Akaipindua. Mgongoni, ule mraba haukuwapo tena. Aili alikuwa amekata kitambaa chote cha pale kwa mkasi na kushona kiraka cha flaneli ya kijani, kwa mshono mdogo mdogo wa subira.

"Kile kipande...?"

"Nimekitia motoni kikaungua. Wewe uliniambia mwenyewe alichofanya. Sitaki aibu ya kaka yangu itundikwe kwenye ukuta wa mtu, watu wakaisoma kama ulivyoisoma wewe. Nimemsitiri, ndivyo tu ninavyoweza." Alimtazama usoni. "Lakini niambie tena, Murray. Usiku silali. Una hakika kabisa?"

Neno moja lingetosha. Murray aliliona kabisa neno hilo, na aliona pia atakavyoulizwa kwa nini hakulisema siku ile. Alikasirika. Alimkasirikia huyu mwanamke na sabuni yake, amemharibia kitu ambacho hakitapatikana tena. Wala hakuona sababu ya kujiaibisha bure, sasa kwa kuwa hapakuwa na chochote cha kupata.

"Hakika kabisa," akasema. "Majivuno yake tu."

"Nilifunga," akasema Toivo, akainua uso kumtazama dada yake, akiachama mdomo kungoja mkate wake.

"Mwongo," Aili alimwambia kaka yake. "Maisha yangu yote nimekubebea uongo wako."

Akaisukuma sahani ya mkate wa iliki kutoka mbele ya kaka yake mpaka mbele ya mgeni. Toivo alibaki ameachama. Murray akachukua kipande, kwa kuwa kukataa kungekuwa kukosa adabu, akakichovya kwenye kahawa na kukila.