Kiraka cha Aliya

Aliya Hamed alikuwa mtunzi wa programu. Alifanyia kazi nyumbani kwao Usagara, na nafasi ikipatikana alijitolea kurekebisha msimbo wa kiini cha mfumo endeshi unaotumiwa na mashine nyingi duniani.

Katika sehemu inayokagua saini za kidijitali, zinazothibitisha kwamba programu imetoka kwa mtengenezaji wake, aligundua kasoro. Kwingine kote, jibu la sifuri lilimaanisha salama na namba hasi hitilafu. Kipande hiki peke yake kilijibu moja kwa saini halali, sifuri kwa saini ya uongo, na hasi ukaguzi wenyewe ukikwama. Msimbo uliokitegemea uliangalia tu kama jibu si sifuri. Kwa hiyo ukaguzi ulipokwama, saini ya uongo ilipita kama halali.

Akaandika kiraka, yaani kipande cha kurekebisha msimbo, majibu yote yakawa ya namna moja. Kikapokelewa, kikatangazwa, na kila mtu, mwema na mwovu, akaweza kukisoma na kuijua kasoro yenyewe.

Punde Manase, fundi wa umeme, akampigia kutoka zahanati moja karibu na Ushongo, alikofunga kifaa kinachoendesha friji ya chanjo.

"Dada Aliya, hiki nacho kina kiini kile kile. Nakiwekaje kipya?"

"Kampuni iliyokitengeneza itume toleo lenye saini yake."

"Kampuni ilishafungwa. Nimejaribu kukitoa kwenye mtandao, friji ikazimika. Ndivyo walivyokiunda."

Aliya akaenda mwenyewe. Alimwamkia Sista Anastazia, muuguzi wa pale, kisha akaunganisha kompyuta yake. Kifaa kilikataa kila alichokiletea, maana hakikuwa na saini ya kampuni. Njia ilibaki moja: kukilemea kwa kazi nyingi mpaka ukaguzi ukwame, apite kwenye tundu lile lile alilotaka kuliziba.

"Kikizimika katikati?" Sista akauliza.

"Huenda kisiwake tena."

"Na chanjo?"

Aliya akaigeukia friji. Manase alikuwa akitazama sakafu.

"Basi kiache, mwanangu," Sista akasema. " Kesho kuna kliniki ya watoto."

"Mtu mwingine anaweza kuingia, Sista. Mimi ndiye niliyewaonyesha mlango."

"Nimekusikia. Lakini friji nyingine sina."

Aliya akachomoa waya wake.

Tangu siku hiyo humpigia Manase kila asubuhi. "Bado inafanya kazi," Manase humwambia, kisha hukata simu, mpaka kesho yake.