Kidole Gumba cha Zuleika

Mwanangu Okidi ana shahada mbili na gari la vioo vyeusi, na bado alimletea mama yake chombo cha muziki kinachosubiri kuamrishwa kwa mdomo. Mama yake hawezi kusema. Kiharusi kilimwangusha Zuleika mwaka jana baada ya Idi, kikachukua upande wote wa kulia na kikaondoka na maneno yake yote. Wala hili si jambo ambalo Okidi alisimuliwa, maana ndiye aliyempakata mama yake njia nzima mpaka hospitali. Hata hivyo alisimama katikati ya sebule yangu hapa Kyebando, akaweka kidude cha mviringo juu ya meza, akasema, "Baba, hiki huhitaji kugusa kitu. Unakitajia tu wimbo unaoutaka."

"Nani atakitajia?" nikamuuliza.

Akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Shahada mbili! Nikamwambia akirudishe alikokitoa kabla sijakitumia kuzibia panya shimo.

Aliyetutia katika shughuli hii ni Laker, binti yetu, ambaye ni muuguzi na ndiye peke yake katika watoto wangu aliyeirithi akili ya mtu. Zuleika alikuwa ameanza kukataa chakula. Ukimpelekea kijiko anafumba mdomo, anageuza uso ukutani, na huko ukutani ndiko anakoshinda. Laker akaniita uani akaniambia bila kuzunguka: "Baba, Mama anajikatia tamaa. Tunamgeuza sisi, tunamlisha sisi, dirisha tunamfungulia sisi na kumfungia sisi. Hana hata kitu kimoja anachokiamua. Mtafutie kitu, hata kidogo, akiwashe mwenyewe na akizime mwenyewe. La sivyo tutampoteza."

Wahenga wanasema mgonjwa haulizwi uji. Wahenga nao, nadhani hawakuwahi kuuguza mtu.

Kitu chenyewe hakikuwa na mjadala: muziki. Zuleika ni Mnubi wa kambini, amezaliwa ngoma ikilia nje ya mlango. Mimi ni Mwacholi, nimepiga tarumbeta katika bendi ya polisi mpaka nikastaafu. Yeye hakujua Kiacholi, mimi Kinubi kilinishinda, tukaoana kwa Kiswahili cha kambini, na mpaka leo tunagombana kwa hicho hicho. Tulikuwa tunagombana, niseme. Tangu kiharusi nilikuwa nagombana peke yangu.

Simu tulijaribu. Kioo cha simu kinataka kidole chepesi, tena chenye uhakika, na katikati ya wimbo anaruka mtu anakuuzia mafuta ya nywele. Akinyamaza huyo, shangazi anapiga kutoka Gulu kuuliza kama mgonjwa analala. Analala vipi na wewe unapiga?

Basi tulihitaji kile kidude cha zamani cha muziki mtupu, kisicho simu, kisicho na mtandao, kinachoenea kiganjani. Mkono wa kushoto Zuleika anao, lakini baridi yabisi ilikuwa imeuharibu hata kabla ya kiharusi. Vidole vinne vimejikunja, kimebaki kidole gumba, nacho nguvu yake ni ya kufukuza nzi. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: kidole gumba kile kitabonyeza nini? Na kikishabonyeza, kidude kisife baada ya mwezi mmoja, maana huwezi kumpa mtu uhuru halafu ukamwambia ngoja kwanza tupeleke kwa fundi.

Wenye ujuzi hawakulisikia swali hilo hata nilipolirudia. Jirani yangu Bonny ana saluni ya kunyolea na maspika mawili yanayotikisa sufuria zangu, na kwa sababu hiyo anajiona mtaalamu wa muziki. Debe tupu halikosi kuvuma. Akanitolea kidude cha rangi ya bunduki, eti ana kimoja cha kuuza.

"Mzee Komakech, hii ya plastiki wachana nayo, ni takataka. Hii iko chuma. Shika, sikia uzito."

Nikashika. Kilikuwa kizito kama kufuli la ghala, nami mjinga nikadhani uzito ni uimara. Nikakipima kwa mkono wangu wa askari, vitufe vikaingia sawasawa, nikakinunua.

Jioni nikamwekea Zuleika kiganjani. Akakitazama. Nakuambia alikitazama, na kwa wiki nzima hakuwa ametazama kitu. Akaweka kidole gumba juu ya kitufe, akasukuma. Kidole kikapinda nyuma, kitufe hakikusogea. Akasukuma tena, mpaka jasho likamtoka juu ya mdomo. Halafu akakiachia kiviringike kitandani, akageukia ukuta wake, na usiku huo hakuonja kitu.

Nikachukua bisibisi nikakifungua. Ndani kulikuwa na kipande cha bati kimegandishwa kwa gundi, hakina waya, hakina kazi, kipo ili kiwe kizito tu! Nikampelekea Bonny lile bati nikaliweka kwenye kioo chake cha kunyolea, mbele ya wateja.

"Lakini Mzee," akasema, "besi yake umesikia?"

Mtu mzima ovyo.

Kesho yake asubuhi nilijifunga leso mkono wa kushoto, vidole vinne ndani, kidole gumba nje, mkono wa kulia nikautia mfukoni, nikaenda soko la Owino. Wenye vibanda walinicheka tangu mlangoni. "Afande, nani amekuuma?" Sikuwajibu. Nimepita na tarumbeta mbele ya umati wa watu wakati suruali imenichanika nyuma, na sikukosa noti hata moja, sembuse vicheko vya wauza chaja.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kule vibaya vinatembezwa mpaka vinakushika shati. Mmoja akaniletea kidude kisicho na kitufe hata kimoja, chote kioo, laini kama kipande cha sabuni. Nikamwonyesha kidole changu. Akasema, "Lakini inaonyesha picha, Mzee." Mwingine alikuwa na kile cha gurudumu la kuzungushwa. Mwingine akaapa kwa jina la mama yake kwamba chake kinaingiza nyimbo elfu kumi. Elfu kumi za nini? Mke wangu hajafika hata kwenye wimbo mmoja. Nikamwambia mama yake anastahili kuapiwa jambo la maana zaidi.

Mwisho nikafika kwa mwanamke mmoja aitwaye Rehemah, amekaa nyuma ya meza anakula gonja, ndizi ya kuchoma, na hakusimama. Nilimpenda kidogo kwa hilo.

"Mkono iko na nini?" akauliza.

"Mkono mzima. Nanunulia mke wangu. Ana kidole kimoja tu."

Akaacha kutafuna. Akafuta vidole, akanisogezea kidude cha waridi chenye masikio ya paka. Nikabonyeza. Kigumu. Nikakirudisha. Akaleta cha pili, cha tatu, mimi nabonyeza na kurudisha, mpaka akanuna. "Mzee, unanunua ama unakagua gwaride?"

Chini ya meza alikuwa na beseni la vitu vilivyomshinda kuuza. Nikainama nikachakura kwa mkono wangu wa leso. Nikakuta kidude cha rangi ya dawa ya tumbo, kibaya cha sura, hakina kioo, hakina taa za kuwakawaka. Kina kitufe kimoja kikubwa katikati, kimetuna kama haragwe lililolowekwa, na viwili pembeni, cha kwenda mbele na cha kurudi nyuma. Nikagusa lile haragwe kwa kidole gumba. Likaingia, likatoa mlio mdogo, likarudi. Nikagusa tena kwa ncha tu. Likaingia.

"Hiyo?" Rehemah akacheka. "Hiyo hakuna mtu anataka. Nilitaka kupatia mtoto achezee."

"Washa."

Kilipoanza kuimba nikakiangusha kwenye saruji. Rehemah alipiga ukelele, watu wakageuka. "Banange! Mzee, utalipa!" Kidude kikaendelea kuimba pale chini, bila hata kukohoa. Nikakiokota nikakiangusha tena. Kisha nikavuta kigoda chake nikakaa, nikamwambia nitasubiri nione chaji yake inakufa lini. Alidhani natania. Adhuhuri ilipoingia alikwenda kusali, akarudi, akanikuta. Akauza spika mbili, akagombana na mpangaji mwenzake, akanikuta. Alasiri akaenda, akarudi, kidude kinaimba.

"Wewe uko mtu gani?" akauliza.

"Polisi."

"Nimeona."

Bei yake ilikuwa ya kuchekesha. Sikucheka, asije akaipandisha.

Laker alikuwa ameniwekea nyimbo za bendi yetu kwenye flashi, nikampa Rehemah azihamishie kwenye memori kadi aliyoitoa mkobani mwake. Nikampangia mwenyewe zipi zitangulie. Ule wenye tarumbeta yangu peke yake nikauweka wa kwanza. Sina unyenyekevu wa bure.

Nilifika nyumbani nikawakuta Laker na Okidi kando ya kitanda. Bakuli la supu lilikuwa mapajani mwa Laker, limejaa, na uso wa Zuleika uko ukutani. Nikamwita. Nikakitia kile kidude cha rangi mbaya katika mkono wake wa kushoto, kidole gumba nikakilaza juu ya haragwe, nikarudi nyuma. Kikapita kitambo, nikaanza kujilaani moyoni, halafu nikausikia ule mlio mdogo.

Bendi ikaanza.

Zuleika akageuza kichwa. Aligeuka mwenyewe, bila kusaidiwa, akatazama kile kitu kilichokuwa kikilia mkononi mwake, kisha akabonyeza, kikanyamaza. Akabonyeza tena, kikaimba. Laker akaanza kulia. Mimi nilisimama wima miguu pamoja, maana sasa ilikuwa inakuja sehemu yangu, na nilikuwa nimemnyooshea Okidi kidole ili asikilize jinsi mtu anavyoipanda noti ile ya juu bila kuipapasa. Tarumbeta yangu ikapanda. Kidole gumba cha mke wangu kikasogea pembeni, kikagusa kitufe cha kwenda mbele.

Noti ikakatwa shingo.

"Amekosea," nikasema.

Ukaja wimbo wa pili wa gwaride. Aliungoja mpaka ngoma zilipoingia, akaurusha. Wa tatu akaurusha. Akazipitia nyimbo za bendi ya polisi kama mtu anayechambua mchele, na zote zilikuwa mawe. Okidi alikuwa ameangalia dari kwa bidii kubwa. Laker, machozi yangali usoni, alijiziba mdomo kwa kiganja.

Zetu zikaisha. Nikadhani sasa kutakuwa kimya, kumbe yule Rehemah hakuifuta kadi yake. Ukatoka wimbo wa Kilingala wa polepole, mwanamume analalamika kwa sababu ya mwanamke. Kidole gumba kikatulia. Zuleika akafumba macho, akausikiliza.

Wimbo wa ovyo! Mwimbaji anaimba kwa pua, gita moja nyuzi zake hazijakazwa sawasawa, na mpiga ngoma ana haraka ya kwenda nyumbani. Nikamsogelea taratibu, nikabonyeza kurudi nyuma mpaka nikaufikia ule wa kwanza. "Zuleika," nikamwambia, "huu ndio wetu. Huyu ni mimi."

Akaanza kubonyeza kwenda mbele, moja baada ya nyingine, kidole kinatetemeka kwa uchovu, mpaka akamfikia tena Mkongo wake. Nikanyoosha mkono. Akakivuta kidude kifuani, akafumbua macho, akanitazama.

Jicho lile nalijua. Ndilo alilokuwa akimpa muuza nyama anayempimia mifupa, na maafande waliokuja kwetu kujisifu, na mimi, mimi hasa, kila nilipofungua mdomo kueleza jambo analolijua. Mwaka mzima nilikuwa nikiuguza mwanamke mpole asiyemlaumu mtu, na upole wake ukinitisha. Sasa Zuleika mwenyewe alikuwa amerudi chumbani, ananidharau kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi.

"Baba," Okidi akanong'ona, "nimrudishie ule wako?"

"Ukithubutu kukigusa nitakuvunja mkono."

Nikachukua bakuli kutoka kwa Laker, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikampelekea kijiko. Akafumba mdomo, nikataka kukirudisha kijiko bakulini, mpaka nilipoona kwamba hakugeukia ukuta. Alikuwa anasubiri. Mkongo akamaliza kulia, kidole gumba kikamrudisha mwanzo, gita zikaanza upya na kosa lao lile lile, na ndipo mke wangu akafungua mdomo ale.