Simu Ilizima

...na kama kweli betri hii inadumu siku mbili kama ganda lake linavyojisifu, basi imekula kwake, aliwaza mkata vioo, ameegemea kaunta ya fundi simu, maana jioni dada yake akipiga atamwambia nini tena, simu ilizima? Simu ilizima, dada, si unaijua betri yangu... maneno hayo yalikuwa yanamtoka laini kama mafuta, kila dada alipompigia ili baba aongee na mwanawe, na mkewe, mtu wa kheri, asijue kwamba betri mbovu ndiyo ilikuwa ngao ya mumewe, akaenda kumnunulia hii, si ya kampuni iliyotengeneza simu, eti ina uwezo mkubwa, akasema sasa utapatikana, mume wangu... utapatikana, kama mwizi... fundi ameshabandua mgongo wa simu, betri ya zamani imevimba kama shavu lenye jino bovu, anasema kitu, uwezo, ganda, wateja, lakini nani amsikilize ilhali sauti ya baba imeshaingia, ile ya mara ya mwisho, ya upole, upole wa mtu anayeongea na mgeni, "Samahani, wewe ni mtoto wa nani?" naye, mtu mzima na ndevu zake, akakata simu, yeye ambaye baba alikuwa anamtambua kwa kikohozi tu, kwa namna anavyosukuma mlango, mtoto wa nani, baba, mtoto wa nani...

"Kaka, unanisikia? Namba hizi ni maandishi tu. Hii haiizidi betri mpya ya kawaida. Jioni itakuwa imelala."

Ukubwa uleule, uzito uleule, fundi akaendelea, huo umeme wa ziada ungekaa wapi, amewafungia wengi na wengi wamerudi wakinung'unika, ingawa betri yoyote mpya ni afadhali kuliko hii iliyovimba... naam, afadhali, ngao imerudi, mbona basi moyo hautulii, itazima jioni, jioni, na juzi dada alisema jambo, akalisikia nusu huku akipima dirisha la watu, alisema kuna dakika baba anarudi, anawataja wote kwa majina, hata mbuzi wao wa zamani, anacheka, halafu anaondoka tena, na dakika hiyo haipigi hodi, ikija jioni ikamkuta simu imelala je, baba akiwa na akili zake timamu, ameshika simu ya dada kwa mikono miwili, mwanangu yuko wapi, anaambiwa mteja hapatikani, anangoja, anangoja, mpaka anasahau alikuwa anamngoja nani...

"Nifunge ipi sasa," fundi aliuliza, bisibisi mkononi, "hii au ya kawaida?"

Hii, ile, zote zitazima, na jioni bado mbali, na namba ya dada anayo kichwani.

"Kaka," alisema, simu yake ingali wazi kauntani, utumbo nje, "hebu niazime yako."