Megahezi za Suud

Januari 2002, Jumamosi baada ya laasiri, kompyuta ya ghorofa ya juu katika nyumba ya Bi Basma, Mji Mkongwe, ilikuwa chini ya meza, imevuliwa ubavu mmoja, matumbo nje. Aliyeivua ni mwanawe, Suud, kwa ushauri wa rafiki yake Jamil. Jamil alikwenda Dubai kutafuta vipuri vya gari, akakaa wiki tatu, akarudi mhandisi wa kompyuta.

Ushauri ulikuwa huu: prosesa, yaani kile kidude kinachopiga hesabu zote za mashine, hutoka kiwandani na mwendo wake, lakini mwenye akili huupandisha, akapata bure kile ambacho wajinga hukinunua. Kwa nini kiwanda kiuze rahisi kitu chenye nguvu ya kuuzwa ghali, Jamil hakueleza, wala Suud hakuuliza.

Mashine haikuwa ya Suud peke yake. Ami yao aliyeko Maskati aliileta iwe ya Suud na dada yake Asila, bila kusema nani akae nayo. Suud aliitumia kwa mchezo wa mashindano ya magari. Asila alitengenezea kadi za harusi, pale ndugu yake alipochoka kushindwa. Kadi za bibi harusi mmoja zilikuwa zimeshachelewa, na mama wa bibi harusi ameshaanza kuitaja habari hiyo kwa watu. Asila alitaka mashine ishuke chumba cha chini kinachotazama njia, kazi yake ijulikane kuwa ni kazi.

"Ngoja tuipandishe kwanza," Suud alisema. "Hata kadi zako zitatoka mbio."

"Kadi zangu hazina mbio. Zina wino. Mwenye mbio ni wewe na gari lako lisilo na matairi."

Walikubaliana mbele ya mama yao. Pembeni ya kioo mchezo ulionyesha picha ngapi zinachorwa kila sekunde. Zikiwa chache gari hurukaruka, zikiwa nyingi huteleza. Zikizidi kwa kumi, mashine ingebaki juu kwa Suud. Zisipozidi, ingeshuka kwa Asila.

"Na ikiungua?" Bi Basma aliuliza.

"Haiungui, Bi Basma," Jamil alijibu. "Hii sayansi."

Kabla ya sayansi, picha zilikuwa ishirini na nne. Jamil akabadilisha mipangilio, prosesa ya megahezi mia nane, ndicho kipimo cha mwendo wake, ikaenda mia tisa. Gari lilelile, njia ileile. Ishirini na tano.

"Nnaiona tofauti," Suud alisema. "Laini, kama samli."

"Samli iko machoni mwako," Asila alisema. "Hapa pameandikwa ishirini na tano."

Sababu ilikuwa kwenye kitabu kilichokuja na mashine, ambacho Asila alikisoma na Suud alikiwekea kikombe cha chai. Picha za mchezo huchorwa na kadi ya picha, kidude kingine ndani ya mashine, na ya kwao ilikuwa dhaifu. Prosesa ilimaliza kazi yake, ikakaa kuisubiri. Kumhimiza mkata vitunguu wakati jiko ni moja hakuivishi chakula mapema.

"Tumeipa dozi ndogo," Jamil alisema. "Kesho tuipe ya kiume."

Suud aliomba jaribio la pili, na shahidi. Alimtaja Abdulhakim wa Mtoni, mwenye kompyuta mpya, ambaye Suud alikwisha kumwambia kuwa mashine zao sasa ziko sawa.

"Mara moja tu," Asila alisema. "Halafu chini."

Abdulhakim alifika siku ya pili, kanzu imepigwa pasi. "Hodi! Shikamoo, Bi Basma."

"Marahaba. Pita juu, wanasayansi wanakusubiri."

Katika nyumba ile mgeni hakai bila kufukizwa udi, na Suud, ambaye hakuwahi kuosha hata kikombe, siku hiyo alilikumbuka hilo. Alileta chetezo chenye makaa mekundu. Kwa kuwa mgeni alikaa mbele ya kioo, alikiweka chini ya meza ili moshi umpande kwenye kanzu. Ubavu ulio wazi wa kompyuta ulielekea hapo hapo. Feni ya prosesa huvuta hewa iliyo karibu nayo. Hewa ya karibu ilikuwa ikitoka kwenye makaa.

"Suud, ondosha chetezo hapo," Asila alisema.

"Unataka mgeni nimfukize barabarani?"

Jamil aliweka megahezi elfu moja. Gari likaondoka. Ishirini na sita.

"Ndiyo hii iliyo sawa na yangu?" Abdulhakim aliuliza. "Yangu sitini."

"Ngoja ipate moto kidogo," Jamil alisema.

Ilipata. Kwenye kona ya tatu gari liliganda, kioo kikawa cheusi. Harufu ya kuungua hakuna aliyeisikia. Udi ulikuwa mzuri.

"Umeme huo," Suud alisema.

Wote wanne walitazama juu. Pangaboi lilikuwa likizunguka.

Waliirudisha mipangilio kwa maneno tu, kwa sababu mashine haikuwaka tena. Fundi wa Darajani aliichomoa prosesa, akawaonyesha doa jeusi katikati yake, akamwuliza Suud kama alikuwa akipikia. Suud alitoa redio yake, akapewa badala yake prosesa iliyotumika, ya megahezi mia sita.

Jumatano Suud na Jamil waliishusha mashine chumba cha chini, wakigombana kwenye ngazi nani alisema ipandishwe. Asila aliiwasha mbele yao, akafungua mchezo, akaliendesha gari lilelile kwenye njia ileile. Ishirini na tatu.

"Ingekuwa..." Jamil alianza.

"Jamil, nenda kwenu," Asila alisema.

Akaufuta mchezo. Kabla ya magharibi kadi ya kwanza ya bibi harusi ilitoka kwenye mashine ya kuchapia.